Mchonga Mihuri Aliyeamini Muhuri

Mpendwa Bi Ndimu,

Naomba msaada wako, lakini kwanza naomba unisamehe, maana safu hii nimeisoma miaka yote nikiwacheka wanaokuandikia, nikimwambia mume wangu jamani, hivi kweli mtu mzima na akili zake timamu anaweza kuingizwa mkenge kiasi hiki, na leo nimejifungia stoo na kalamu na karatasi nakuandikia mimi, tena kwa mkono, kwa sababu kompyuta siigusi, na sababu ya kutoigusa ndiyo hiyo hiyo inayonifanya nikuandikie.

Mimi ni mchonga mihuri. Ile mihuri ya mpira unayoiona kwenye barua, risiti na vyeti, mtu anakuja na jina la ofisi yake, nauchora kwenye kompyuta, mashine ya leza inachonga, naubandika kwenye mpini, kazi imekwisha. Nilifundishwa na baba mkwe wangu, ambaye enzi zake alichonga kwa kisu, na duka ni lake, liko juu ya muuza viatu, unapanda ngazi ya chuma inayolia kila unapokanyaga, na mpaka juzijuzi yeye ndiye aliyekuwa anakaa kwenye kiti pale mlangoni, na kila muhuri ukikamilika ni yeye anayemkabidhi mteja, anaupuliza kwanza, kisha anasema maneno yale yale, "Huu ni mdomo wako, usimwazime mtu," na wateja hucheka, na mimi nilikuwa nacheka nao.

Baba alikuwa na utaratibu wake. Akishachonga muhuri, anauchana mchoro mbele ya macho ya mteja na kumpa vipande akavitupe mwenyewe, ili ajue hakuna wa pili. Mimi nilipoleta kompyuta nikasema haya mambo ya kuchana makaratasi ni ya kizamani, michoro yote nikaihifadhi humo, mteja muhuri wake ukichakaa nisianze upya, na nilimwonyesha Baba jinsi inavyokaa kwa mpangilio, akaangalia kioo cha kompyuta kwa muda, akasema, "Haya mama, nyinyi ndio wa kisasa," akarudi kwenye kiti chake.

Sasa leseni ya programu ya kuchorea ikaisha. Ikawa kila nikichora, maneno makubwa ya kijivu yanapita katikati ya mchoro yakinidai nilipie, nikaangalia bei kwa watengenezaji wenyewe nikashika kichwa, ilikuwa inakaribia kodi ya duka ya nusu mwaka, ndipo nikaingia mtandaoni kutafuta nafuu, na nafuu ikanipata. Kulikuwa na tovuti (jina lake nimekuandikia nyuma ya karatasi hii) inauza programu hiyo hiyo, leseni ya maisha, hakuna kulipa tena mpaka ufe, kwa bei ya viatu vya plastiki vya hapo chini.

Usidhani sikuwa na shaka, Bi Ndimu, mimi si mjinga, nilikuwa na shaka kabisa, nikateremka mpaka mwisho wa ukurasa kuangalia hawa ni akina nani, na pale mwisho ndipo nilipokuta mihuri. Muuzaji Halali. Usalama Umethibitishwa. Usiporidhika Unarudishiwa Fedha. Na kwa kuwa mihuri ndiyo kazi yangu, niliikuza ikajaa kioo kizima nikaikagua kama ninavyokagua ya kwangu, na nakwambia ilikuwa kazi safi, duara mbili zimekaa sawasawa, nyota zimeachiana nafasi, herufi zimepinda na duara bila kubanana pale chini ambapo wachongaji wengi huaibika, mpaka nikasema kwa sauti nikiwa peke yangu, aliyechora huu si mbabaishaji. Nikalipa.

Tena walikuwa na mhudumu kwenye kisanduku cha kuchati, anajiita Afisa Furaha, alinisalimia vizuri kuliko watu wa nyumbani kwangu, akaniuliza nimeamkaje na biashara inaendaje, nilipomwambia mgongo unanisumbua akanipa pole akanishauri niwe nasimama mara kwa mara, wakati wale watengenezaji wenyewe nilipowapigia simu nilisikilizishwa muziki mpaka salio likaisha. Fedha aliniambia nisitume kwa kadi, kadi inachelewa, nitume kwa simu kwenye namba ya mama mmoja ambaye ndiye mhasibu wao ila yuko likizo, nami nikamwambia amfikishie salamu na likizo njema. Kisha wakati wa kusakinisha akaandika, "Mama yangu, kwanza zima hiyo programu ya kuzuia virusi, ina wivu na programu nzuri." Nilicheka peke yangu dukani. Nikaizima.

Na ikafanya kazi! Maneno ya kijivu yakaondoka, nikajiona mjanja wa mtaa, nikamtambia mume wangu, na ule mtindo wa nyota nikauiga kwenye muhuri wa chama cha wafuga kuku, na wenyewe wakaupenda sana.

Halafu wiki iliyopita, saa za mchana, tukiwa na wateja, wakili wa ng'ambo ya barabara akapanda ngazi bila hata kugonga, ameshika karatasi, uso umebadilika, akamwendea Baba moja kwa moja. "Mzee, hii ni hati ya kuuza nyumba ya mjane mmoja, mteja wangu. Mjane mwenyewe hauzi. Imepigwa muhuri wangu, na muhuri wangu huu hapa, hautoki mfukoni. Bahati karani wa ardhi alinipigia simu kuuliza, la sivyo yule mama angetolewa nje na watoto wake. Nataka kujua. Mmemchongea nani mwingine?"

Sasa nikwambie siri ya kazi, kila nyumba ya uchongaji ina alama yake, yetu ni mwanya kwenye duara la nje, mwembamba kama unywele, chini upande wa kushoto, mteja hawezi kuuona, Baba ndiye aliyenifundisha kuuweka. Akachukua kioo chake cha kukuzia, akaiangalia ile karatasi muda mrefu, akaniangalia mimi, akarudisha macho kwenye karatasi, kisha akasimama, mtu mwenye magoti mabovu, akaapa mbele ya watu wote. "Humu ndani haujachongwa muhuri wa pili. Naapa mimi, na nyumba yangu yote naiapia." Nyumba yake yote iliyokuwapo pale ni mimi. Nilikuwa nyuma ya mashine, nimeshika brashi ya kufutia vumbi la mpira, nikaendelea kufuta.

Wakili akashuka bila kuaga. Nikamwita fundi wa kompyuta kwa siri, akafungua akaguna, akasema, "Mama, humu mna wageni, na walichokikuta wameshakibeba." Kila kitu, Bi Ndimu. Shule, zahanati, maghala, vyama, wakili. Na mtaani sasa wanasema mzee wa mihuri amekula rushwa uzeeni, wapo wanaopita pale chini wakitazama viatu kana kwamba huko juu hakuna mtu, na Baba tangu siku ile hajakaa kwenye kile kiti, anashinda chumbani kwake, anasema ni magoti.

Mume wangu ni fundi wa friji, mtu mpole, nimemweleza yote, naye anasema, "Mama watoto, nyamaza. Baba ni mzee, watu watamsamehe. Wewe hawatakusamehe." Nikinyamaza Baba anabaki na jina hilo, nikisema wateja wote wanakimbia na duka aliloniachia linakufa mikononi mwangu, naomba uniambie nifanye nini.

Ni mimi,
Mkwe Mwenye Aibu (tafadhali usitaje mji)

Nyongeza: Nimepata kampuni mtandaoni, kwa simu, ambayo hufuatilia michoro iliyoibwa na kuifuta huko huko iliko. Ada yao ni ndogo sana na wanasema ofa inaisha leo. Je, nilipe? Mihuri yao nimeikagua, ni mizuri kuliko ya wale wa kwanza.

BI NDIMU ANAJIBU

Mkwe Mwenye Aibu,

Naanza na nyongeza yako, kwa sababu nina wasiwasi kwamba hivi ninavyoandika umeshashika simu. Iweke chini. Hapana, mbali zaidi, pale usipofikia. Usilipe. Hakuna mtu duniani anayeingia kwenye kompyuta za wezi kukufutia michoro kwa bei ya viatu vya plastiki. Huyo ni mwizi yule yule aliyebadilisha shati, au ni mwenzake aliyeuziwa namba yako. Ndiyo, namba za waliotapeliwa huuzwa, na yako kwa sasa lazima ina bei nzuri, maana wewe umeshathibitishwa: ukionyeshwa nyota zilizopangwa vizuri, unalipa.

Sasa tuje kwenye hiyo mihuri. Barua yako niliisoma, nikairudia, nikidhani nimeruka mstari. Katika mtaa wenu wote kuna mtu mmoja anayejua kwa hakika kwamba muhuri ni mpira tu, umechongwa na mtu aliyelipwa, kwa yeyote aliyepanda ngazi na jina kwenye karatasi. Mtu huyo ni wewe. Muuza viatu angedanganywa ningemwonea huruma. Mwalimu, muuguzi, hata mimi, tungekuwa na udhuru. Lakini wewe unashinda kutwa na vumbi la mihuri kwenye kope, halafu unaona muhuri umeandikwa Muuzaji Halali, unasema basi, imethibitishwa. Na hukuuangalia juu juu. Uliukuza! Ulikagua herufi za chini! Hongera, mwanangu, umegundua kwamba mwizi wako ana jicho zuri la uchoraji. Swali lililobaki ni dogo tu: nani aliutoa huo muhuri? Alama ya kweli ya namna hiyo, ukiibofya, inakupeleka kwa aliyeitoa, naye anakwambia ndiyo, huyu namjua. Hiyo ya kwako ungeibofya mpaka kidole kiote sugu ingebaki pale pale, kwa sababu ilikuwa picha.

Nimeitazama tovuti yenyewe, ile uliyoniandikia nyuma ya karatasi. Nilitazama tu, sikubofya kitu, msiniige kwenye kompyuta za ofisini. Jina la tovuti ni jina la watengenezaji wa programu, limebandikwa mkiani neno la punguzo, kama vile watengenezaji hao wangekuwa na duka la pili uchochoroni ambalo wenyewe hawalitaji popote. Juu kulikuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma, ofa inaisha baada ya robo saa. Nikafunga, nikanywa chai yangu taratibu, nikafungua tena: ofa inaisha baada ya robo saa. Nikaona wateja wenye furaha wametoa sifa, watu kutoka pande zote za dunia, na wote kwa rehema za ajabu wamefurahi kwa sentensi moja. Anwani ya ofisi ilikuwapo, mtaa na namba. Nikaitafuta kwenye ramani. Ni uwanja wa mpira. Labda huuzia leseni golini.

Na Afisa Furaha! Nimempenda, sikufichi. Mtu anayeuliza mgongo siku hizi ni adimu. Ila kuuliza mgongo ni bure, mwanangu, na wewe ulikuwa unalipia leseni. Wale watengenezaji waliokusikilizisha muziki ni watu wasio na adabu, nakubali, lakini hawajakuibia. Halafu ile ya wivu. Tangu lini programu ya kuzuia virusi ikawa na wivu? Fundi rangi akija kwako akakuomba kwanza umfunge mbwa, ung'oe kitasa na uende sokoni ukakae mpaka jioni, utamwachia nyumba? Kazi ya hiyo programu ni kubweka, na ilipotaka kubweka ukaizima ukicheka. Ya mhasibu aliyeko likizo siisemi. Kampuni inayouza programu dunia nzima inapokelea mapato yake kwenye simu ya mama mmoja, na mama huyo yuko mapumzikoni. Ukamtakia likizo njema. Nina hakika ilikuwa njema.

Wasomaji wengine mnaocheka hapo, acheni, huyu naye alikuwa anacheka. Siku mkitaka leseni, fungueni tovuti ya watengenezaji wenyewe, kwa kuandika jina lao nyinyi wenyewe na si kwa kufuata tangazo, na humo mtakuta wametaja wauzaji wanaowatambua. Asiyetajwa humo, hata awe na adabu za mbinguni, si muuzaji. Bei ikiwa chini kiasi cha kukufanya utazame nyuma kuona kama kuna mwingine aliyeiona, hiyo si bei, ni mtego wenye namba. Anayekukataza kadi anakukataza kwa sababu fedha ya kadi unaweza kuidai benki na ya kutuma kwa simu huwezi. Na ukiambiwa uzime ulinzi wowote kabla ya kufungua kitu chochote, zima kompyuta nzima.

Rudi kwangu sasa, Mkwe. Ile kompyuta iondolewe kwenye mtandao, waya uchomolewe, na mtandao wa hewani uzimwe. Usijaribu kuitibu kwa kuongeza kitu juu yake. Kabla haijafutwa, kuna ushahidi wa kuokoa: mazungumzo yako na Afisa Furaha, risiti ya malipo, namba ya yule mhasibu. Vipige picha kwa simu, upeleke polisi, na namba uiripoti kwa kampuni ya simu na benki yako. Polisi wakishaangalia wanachotaka, fundi aifute yote na kuanza upya, na fundi huyo akichomoa flashi mfukoni akakwambia, "Mama, ninayo ya bure hapa," mwonyeshe ile ngazi inayolia. Maneno yako yote ya siri, ya barua pepe kwanza, uyabadilishe kwa kutumia simu ya mume wako, hiyo kompyuta isiyaone. Leseni ulipie ya mwezi mmoja mmoja kwa wenyewe, wanayo, hukuuliza kwa sababu ulikuwa unashika kichwa. Na zipo programu za kuchorea zinazotolewa bure kihalali na waliozitengeneza. Duara na nyota hazihitaji zaidi ya hapo.

Hayo ndiyo mepesi. Nayaita mepesi kwa sababu kuna jambo umelipitisha katikati ya barua kama mtu anayepitisha mfuko wa magendo chini ya kanga, ukadhani sitaliona.

Umeandika kwamba Baba alichukua kioo, akaitazama ile karatasi muda mrefu, akakutazama wewe, kisha ndipo akaapa. Soma tena ulichokiandika. Mwanya ule aliuona, Mkwe. Ni alama yake, alikufundisha yeye, atakosaje kuuona? Alijua pale pale kwamba mchoro umetoka kwenu, na anajua michoro inakaa wapi, maana ulimwonyesha mwenyewe. Mzee hakuapa kwamba mchoro haujatoka. Aliapa kwamba humo ndani haujachongwa muhuri wa pili, na hilo ni kweli tupu, wezi wamechonga kwao. Alichagua maneno yake kwa uangalifu kuliko wewe unavyochagua tovuti. Alisimama na magoti yale akakukinga mbele ya wakili na wateja, akakuachia nafasi ya kusema kwa mdomo wako. Wewe ukashika brashi.

Kwa hiyo tusizungumzie magoti. Magoti yalikuwa mabovu mwaka jana na kiti alikikalia. Baba yako anakusubiri, na kila siku unayompelekea chakula chumbani ukamuuliza, "Magoti vipi leo, Baba?" anazidi kujua kwamba huji.

Mume wako mpe salamu zangu. Mwambie Bi Ndimu amesikia ushauri wake wa kunyamaza na ameshindwa kuumeza. Baba ni mzee, watu watamsamehe: yaani mmekaa kitako mkapanga mzee afe na jina la mla rushwa ili nyinyi mbaki na wateja wa mihuri ya kuku. Yeye ni fundi wa friji, anajua vitu vinavyohifadhika. Hiki hakihifadhiki, kitanuka, na kitanukia nyumbani kwenu. Na hukunitajia tena yule mjane baada ya mstari mmoja, basi nikutajie mimi. Karani asingepiga simu, yule mama na watoto wake wangekuwa nje, na wewe ungekuwa bado unasifu nafasi za nyota. Wateja wako wengine hawana karani wa kuwapigia.

Fanya hivi. Leo, ukimaliza kusoma, funga stoo, nenda chumbani kwa Baba. Usianze na programu wala leseni, hataelewa na wala hahitaji. Mwambie, "Baba, michoro imeibwa, na nilifungua mlango mimi." Kisha nyamaza, maana safari hii kunyamaza kuna kazi. Akisema, mwache aseme yote. Asubuhi mwende pamoja kwa wakili, wewe ukiwa mbele, useme yote na utie sahihi yako chini yake. Hiyo karatasi itamsafisha mzee, na itamsaidia mjane zaidi ya huruma zako zote. Kisha wateja wako, wote, mmoja baada ya mwingine, kwa mdomo wako na si kwa ujumbe wa simu: muhuri wako umeibwa mchoro, njoo tukuchongee mwingine tofauti, bila malipo, wa zamani tunaukata mbele yako na mchoro mpya tunaufuta mbele yako. Ule utaratibu wa kizamani, umeuona? Ulikuwa ndio ulinzi wenyewe, na huo nao uliuzima.

Utapoteza wateja. Sitakudanganya kwa adabu kama Afisa Furaha. Wengine watakutukana, na wengine watashuka ngazi wasirudi, na wana haki. Wale watakaobaki watajua wanabaki na nani.

Uliniomba nisitaje mji, sikuutaja. Jina lako umelificha, la duka umelificha, umefanya kazi nzuri, ungekuwa hivyo mtandaoni tusingefika hapa. Lakini hukuficha ngazi inayolia, wala muuza viatu, wala yale maneno. Wapo wasomaji ninaowajibu kwa posta, faraghani, na bahasha zao nazipiga muhuri wa safu hii ili wajue ni mimi kweli. Niliuchukua katika duka fulani ghorofani, kwa mzee aliyeupuliza, akanipa bila kuchana mchoro, akaniambia huu ni mdomo wako, usimwazime mtu. Nilicheka, kama wengine.

Kwa hiyo mchoro wangu nao uko kwa Afisa Furaha. Huenda hivi sasa kuna Bi Ndimu wa pili mahali, anawashauri wajane wauze nyumba, tena kwa upole kuliko mimi. Nimekasirika kiasi cha kuandika jibu hili kwa mikono miwili. Lakini nimeambiwa, na aliyeniambia ni wewe, na bado nipo. Mteja wa kwanza basi umeshamwambia, wamebaki wengine.

Gazeti hili linatoka leo. Kesho mchana, mkitoka kwa wakili, nitapanda ile ngazi kuja kuagiza muhuri mpya, na sitaupokea kutoka mkononi mwako. Nataka kukabidhiwa na mzee, akiwa amekaa kwenye kiti chake. Una jioni moja ya kumrudisha.

Bi Ndimu